Kipozeo cha oili kilichopandisha joto la rejeta: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari linalochambuliwa hapa ni saluni yenye injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.0, yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), ambayo kiwandani haikuwekewa kipozeo cha oili cha aina yoyote. Siku nyingi hutumika kwa safari fupi za kwenda kazini na kurudi, lakini mara kwa mara huvuta trela yenye mzigo kwenye mpando mrefu wa mlima, ambako dereva hulazimika kukaa gia ya tatu muda mrefu, kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, pedali ya mafuta ikiwa imekandamizwa karibu hadi mwisho. Ni katika mpando huo ndipo geji ya joto la oili, ambayo mwenye gari aliiongeza mwenyewe, ilipofika nyuzi 137 za Selsiasi. Alipofika juu na kusimama, injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, taa nyekundu ya presha ya oili ilianza kuwaka na kuzima.

Mwenye gari alifanya jambo ambalo wengi wangelifanya: alilipeleka gari gereji, akaomba kipozeo kikubwa kuliko vyote vinavyoweza kuingia, akafungiwa kipozeo cha safu 25 za sahani za kupitishia oili mbele ya rejeta. Safari iliyofuata ya mlimani ilionekana kumpa haki, kwa kuwa oili haikuvuka nyuzi 114. Hata hivyo, malalamiko mawili mapya yalizaliwa siku hizohizo. La kwanza ni kwamba maji ya rejeta, ambayo hapo awali yalikuwa yakifika nyuzi 98 kwenye mpando uleule, sasa yalifika 112. La pili lilijitokeza kwenye safari za kila siku: oili haikuvuka nyuzi 62 hadi 65 hata mwisho wa safari, na chini ya kifuniko cha kujazia oili kulikuwa kumeganda ute mzito wa rangi ya maziwa.

Alipoleta gari likaguliwe, tayari alikuwa amepewa ushauri wa aina mbili. Mmoja ulimtaka aondoe kipozeo kabisa na kurudi alikotoka. Mwingine ulimtaka anunue rejeta kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, yote mawili yalikwepa swali lenyewe, ambalo ni hili: kipozeo kile kilipewa kazi gani, na kilipewa hewa gani ya kuifanyia kazi hiyo?

Joto la oili lina mipaka ya pande mbili

Ni rahisi kudhani kuwa oili ikiwa baridi zaidi injini iko salama zaidi. Injini imeundwa ikitarajia oili yenye mnato fulani, yaani uzito fulani wa kutiririka, na mnato huo hupatikana katika ukanda wa joto usio mpana sana, ambao kwa injini nyingi za magari ni kati ya nyuzi 90 na 115 hivi ikipimwa kwenye njia kuu ya oili au kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Gari hili linatumia oili ya 5W-40, daraja ambalo kitabu cha gari kinaliruhusu. Kwa mujibu wa SAE J300, kiwango kinachopanga madaraja ya oili za injini kwa mnato, oili inayobeba namba 40 lazima, ikiwa nyuzi 100, iwe na mnato usiopungua 12.5 na usiofika 16.3 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Tukichukua oili ya kawaida ya daraja hilo yenye mnato wa 14 kwenye nyuzi 100, hesabu ya mteremko wa mnato inatuonyesha kwamba kwenye nyuzi 137 itabaki na 7 hivi, yaani nusu, na kwenye nyuzi 62 itakuwa na karibu 38, yaani zaidi ya mara mbili na nusu.

Nusu hiyo ndiyo iliyowasha taa. Pampu ya oili husukuma ujazo unaofuata mzunguko wa injini, na presha hujengeka kwa sababu oili inakutana na ukinzani inapopita kwenye nafasi finyu za beringi za krankshafti. Oili ikiwa nyepesi hivyo na injini ikiwa sailensa, ukinzani huo hupungua kiasi kwamba presha inashuka hadi pale swichi ya taa inapofunga, ambapo kwa magari mengi ni karibu na nusu ya bar. Kuwaka kwa taa hakukuwa na maana kwamba pampu imekufa, wala kwamba beringi zimekwisha. Kulikuwa ni ushahidi kwamba utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma umekuwa mwembamba kuliko inavyotakiwa, na hilo ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito wote.

Kuna pia suala la umri wa oili. Kanuni ya jumla ya kemia, ambayo kwa oili hufuatwa kwa ukaribu wa kutosha, ni kwamba kasi ya kuoksidika huongezeka maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Oili inayofanya kazi kwenye 137 inazeeka kwa kasi ya takriban mara nne ya ile iliyo kwenye 117. Tena, joto tunalolisoma ni la oili iliyokwisha kuchanganyika. Oili inayotoka kwenye beringi ya tabo huwa imefikia joto la juu zaidi kabla haijarudi kwenye sampu.

Upande wa chini nao una madhara yake, ingawa hayawashi taa yoyote. Uchomaji wa petroli huzalisha maji, na sehemu ya mvuke huo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni hadi kwenye sampu pamoja na petroli kidogo isiyoungua. Oili inayofikia nyuzi 90 na kuendelea kwa muda wa kutosha hufukuza unyevu huo ukatoka kupitia mfumo wa kupumulia wa injini. Oili inayoishia 62 huubakiza, na matokeo yake ni ule ute wa rangi ya maziwa. Aidha, oili nzito humaanisha presha kubwa wakati wa kuwasha, vali ya kupunguza presha kufunguka mara kwa mara, na nguvu ya injini kupotea bure. Gari ambalo sehemu kubwa ya maisha yake ni safari fupi lilikuwa limefungwa kifaa kilicholiweka katika hali hiyo siku zote, ili kulisaidia kwa saa chache za mlimani.

Yaliyothibitishwa kwanza

Kabla ya kugusa kipozeo, ilibidi kujua kama tarakimu zilizoletwa ni za kuaminika. Sensa ya joto la oili ilikuwa imefungwa kwenye bamba la kati, lile linalokaa baina ya bloku na filta, upande ambao oili inapita ikitoka kwenye pampu kabla ya kuingia kwenye kipozeo. Mahali hapo ni pazuri, kwa sababu hutoa joto la oili ya sampu jinsi ilivyo, wala si oili iliyokwisha kupozwa. Laiti sensa ingekuwa upande wa kurudi, nyuzi 114 zingekuwa na maana nyingine kabisa. Usahihi wake ulipimwa kwa kuitumbukiza kwenye maji yanayochemka, na geji ikasoma ndani ya nyuzi mbili.

Joto la maji halikusomwa kwenye mshale wa dashibodi. Katika magari mengi ya kisasa mshale huo umepangwa makusudi ubaki katikati kwa ukanda mpana wa joto ili usimtie dereva wasiwasi, na katika gari hili ulikuwa haujasogea hata kidogo wakati maji yanapanda kutoka 98 hadi 112. Mwenye gari aliyaona kwa sababu alikuwa na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Wasomaji wanaovuta mizigo wazingatie sana jambo hili: mshale uliotulia katikati si ushahidi kwamba joto halijabadilika.

Ute wa rangi ya maziwa huwatia watu hofu ya gasketi ya silinda hedi, na hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo mfumo wa maji ulipimwa kwa pampu ya presha, ukashikilia bila kushuka. Kiwango cha maji kilikuwa hakijapungua. Na oili iliyochukuliwa kwenye dipstiki ilikuwa safi, ute ukiwa kwenye kifuniko na sehemu ya juu ya kifuniko cha vali pekee, ambako chuma hubaki baridi na mvuke hugeuka kuwa matone. Picha hiyo ni ya unyevu usiofukuzwa, si ya maji kuvujia kwenye oili.

Rejeta yenyewe ilikuwa safi ndani na nje, feni zake zilifanya kazi kwa kasi zote, na thamostati ya maji, vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta, ilifunguka ilipotakiwa. Hata hivyo, nyuzi 98 za mwanzo, kabla ya kipozeo, zilikuwa zinasema jambo ambalo halikuzingatiwa. Thamostati ya gari hili huanza kufunguka kwenye nyuzi 88 na huwa wazi kabisa karibu na 98 hadi 100. Maji yakikaa 98 maana yake thamostati imekwisha kutoa karibu yote iliyo nayo, na rejeta haina akiba. Mlimani, gari hili lilikuwa na tatizo la oili lililo wazi na mfumo wa maji uliokuwa umefika ukingoni kimyakimya. Kuweka kitu chochote mbele ya rejeta hiyo kulikuwa ni kuiongezea mzigo isiyoweza kuubeba.

Kilichokutwa mbele ya rejeta

Bampa lilipovuliwa, maelezo ya matatizo yote mawili yalikuwa hapo. Kipozeo kilikuwa cha aina nzuri, kile cha sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambacho kwa ukubwa uleule hupoza vizuri kuliko aina ya bomba lililovishwa mapezi. Lakini bamba la kati halikuwa na thamostati. Oili yote ilipita kwenye kipozeo tangu injini inapowashwa, iwe baridi au moto, na hakukuwa na chochote cha kuizuia hadi ifikie joto la kazi. Lalamiko la pili halikuhitaji uchunguzi mwingine zaidi ya huo.

Kipozeo kilikuwa kimeshikizwa kwa breketi mbili za bati moja kwa moja mbele ya kondensa ya kiyoyozi, kikiacha nafasi ya kidole kimoja, bila mfereji wowote wa kuelekeza hewa. Hewa hufuata njia iliyo rahisi. Ikikutana na kifaa chenye ukinzani na pembeni kukiwa na uwazi, sehemu kubwa hupita pembeni, na kiasi kinachopenya hutoka upande wa pili kikiwa moto na dhaifu, kisha kikaingia kwenye kondensa na hatimaye rejeta. Safu 25 zilikuwa zinafunika karibu robo ya uso wa rejeta, tena ile robo ya katikati iliyokuwa ikipata hewa nzuri zaidi.

Makosa ya namna hii yana historia ndefu, na hata viwanda vikubwa vimeyapitia. Volkswagen Beetle yenye injini inayopozwa kwa hewa ilikuwa kwa miaka mingi na kipozeo cha oili ndani ya sanduku la feni, kikisimama katika njia ya hewa inayokwenda kwenye silinda namba tatu, na silinda hiyo ikajulikana kwa kuwa moto kuliko nyingine. Kwa modeli za 1971 kipozeo kilisogezwa kikapewa kijisanduku chake na njia yake ya hewa, ili hewa iliyokwisha kupashwa na oili isiendelee kwenda kwenye silinda. Somo hilo linatumika kwa rejeta kama linavyotumika kwa silinda.

Yalikuwepo pia mambo mawili ambayo hayakuwa yameleta dalili bado, lakini yangeleta hasara kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Hozi zilikuwa za mpira zilizochomekwa kwenye vipande vya bomba na kubanwa kwa klipu za skrubu, zile zinazotumika kwenye hozi za maji. Presha ya mfumo wa maji ni ya bar moja na kitu. Presha ya oili wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi inaweza kufika bar tano hadi saba. Hozi hiyo ikichomoka, sampu hukauka katika muda mfupi kuliko ule dereva anaouhitaji kuelewa taa inamwambia nini. Na hozi mojawapo ilikuwa imevishwa wavu wa chuma cha pua na kulala juu ya ukingo wa rejeta. Wavu huo ukitikiswa dhidi ya alumini hukata kama msumeno, na alama ya mkwaruzo ilikuwa tayari imeonekana.

Joto kiasi gani, na hewa kiasi gani

Kipozeo cha zamani kilifaa kwa jambo moja: kutupatia vipimo. Sensa mbili ndogo zilifungwa kwenye fitingi za kuingilia na kutokea, na gari likarudishwa mlimani na trela yake. Tofauti ya joto baina ya oili inayoingia na inayotoka ilikuwa kama nyuzi 15. Tukikadiria kwamba lita 20 za oili zilipita kila dakika, kwa uzani wa kilo 0.8 kwa lita katika joto hilo, na tukijua kwamba kilo moja ya oili moto huhitaji kilojuli 2.1 hivi kwa kila uzi mmoja, tunapata kilowati nane na ushei zinazoondolewa na kipozeo.

Joto hilo lilikwenda wapi? Liliingia kwenye hewa ya rejeta. Kama rejeta ilikuwa ikipitisha hewa ya kilo 0.85 kwa sekunde, makadirio yasiyo ya kupita kiasi kwa mwendo huo, kilowati nane huipasha hewa yote hiyo kwa karibu nyuzi 10, na kwa ile robo iliyofunikwa ongezeko ni kubwa zaidi ya hapo. Rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti baina ya maji na hewa inayoifikia. Hewa ikiwa moto zaidi kwa nyuzi 10 na thamostati ikiwa imekwisha kufunguka yote, maji hayana budi kupanda kwa kiasi kinacholingana ili kutoa joto lilelile. Nyuzi nne zilizobaki kufikia 112 zinatokana na hewa iliyozuiwa isipite. Ni kweli kwamba sehemu ya joto la oili ilikuwa tayari ikiingia kwenye maji kupitia bloku, kwa hiyo mfumo wa maji nao ulipata nafuu kidogo oili ilipopozwa, na hesabu si ya kujumlisha moja kwa moja. Hata hivyo mwelekeo wake unakubaliana na kilichopimwa, na unatosha kukataa wazo la rejeta kubwa. Rejeta kubwa ingelipa gharama ya kosa la mahali.

Njia nyingine iliyofikiriwa ni kibadilisha joto cha oili na maji, kijisanduku kinachokaa kati ya bloku na filta huku maji ya injini yakipita ndani yake. Kwa magari mengi ya kila siku naona ndiyo chaguo bora: hakina hozi za oili ndefu, huipasha oili mapema asubuhi kwa sababu maji hupata moto kabla ya oili, na huishikilia isiachane mbali na joto la maji. Hapa kilikataliwa kwa sababu moja tu, kwamba kingetupa kilowati zilezile kwenye rejeta ileile isiyokuwa na akiba. Laiti maji yangekuwa yakifika 90 mlimani, uamuzi ungekuwa mwingine.

Basi kilichobaki ni kipozeo cha hewa kilicho na hewa yake peke yake. Kwenye kona ya chini ya bampa, mbele ya gurudumu la kushoto, palikuwa na uwazi wa plastiki uliozibwa kwa urembo. Nafasi ya nyuma yake ilitosha kipozeo cha safu 16, chenye upana wa sentimita 23 na urefu wa 12 hivi. Mwenye gari alisita, kwa kuwa alikuwa akitoa safu 25 na kupewa 16. Lakini kipozeo kidogo kinachopitiwa na hewa yote inayoingia ni mali kuliko kikubwa kinachokwepwa, na lengo halikuwa tena kupata namba ndogo kabisa kwenye geji. Lengo lilikuwa oili ikae chini ya nyuzi 120 mlimani bila kuigusa rejeta.

Ufungaji

Mfereji wa hewa ulichukua muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi, na ulistahili. Ulitengenezwa kwa bati la alumini kutoka kwenye uwazi wa bampa hadi kwenye uso wa kipozeo, ukipanuka taratibu, na kingo zake zikazibwa kwa sponji ngumu ili hewa iliyoingia isiwe na pa kwenda ila kwenye mapezi. Kutoka nako kulifanyiwa kazi. Nyuma ya kipozeo palikuwa na kinga ya plastiki ya gurudumu isiyo na tundu, na hewa isiyokuwa na pa kutokea haiingii. Kwa hiyo kinga hiyo ilikatwa vipenyo vinavyotazama nyuma, mahali ambapo presha ya hewa ni ndogo wakati gari linatembea. Mafundi wengi hukamilisha upande wa kuingilia na kusahau huu.

Mahali hapo pana hatari yake: kipozeo kiko karibu na tairi, na oili ikivuja kwenye tairi la mbele dereva hupoteza mshiko wa barabara. Fitingi zilielekezwa juu na upande wa ndani ya gari, mbali na gurudumu, na bati la kukinga likawekwa kati yake na tairi. Mdomo wa mfereji uliwekewa wavu wa kuzuia mawe. Kuelekeza fitingi juu kuna faida nyingine pia, kwa kuwa hewa iliyo ndani ya kipozeo hupanda na kutoka yenyewe. Kipozeo kilichopinduliwa huweza kubakiza mfuko wa hewa sehemu ya juu, na ile sehemu isifanye kazi. Kilishikizwa kwa vibao vya mpira, kwa sababu alumini iliyobanwa moja kwa moja kwenye bodi huchoka kwa mtikisiko na kupasuka kwenye pembe.

Bamba jipya la kati lina thamostati inayoanza kufunguka baada ya nyuzi 80. Likiwa limefunga, bado huruhusu oili kidogo kupita kwenye kipozeo. Hilo si kasoro, kwani husaidia hewa kutoka na huzuia oili baridi iliyolala kwenye hozi isiingie yote kwa ghafla thamostati inapofunguka. Uzi wa bolti yake ulilinganishwa na wa filta kabla ya kununua, maana uzi wa M20 (kipenyo cha milimita 20) wa hatua ya milimita 1.5 na ule wa robo tatu ya inchi wenye mizunguko 16 kwa kila inchi hukaribiana kwa macho na huanza kuingiana kidogo kabla ya kuharibu bloku. Oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zilizochaguliwa ni za mpira wa Viton, ambazo huvumilia joto ambalo mpira wa kawaida wa nitrili hukakamaa nalo. Bamba lilikazwa kwa spana ya kupimia ukazo, kisha ikahakikishwa kwamba filta, iliyosogea chini kwa unene wa bamba, bado iko juu kuliko kinga ya injini.

Hozi ni za saizi ya AN-10 zenye fitingi za kukaza kwa nati, kipenyo cha ndani kikiwa milimita 14 hivi, zimevishwa kitambaa badala ya wavu wa chuma, na kushikiliwa kwa klipu zenye mpira kila zinapopita karibu na kitu. Kila mita ya hozi hiyo hubeba karibu lita 0.16. Mita mbili na nusu pamoja na kipozeo zilifanya ujazo wa oili uongezeke kwa kiasi kinachokaribia lita moja, na karatasi yenye ujazo mpya ikabandikwa kwenye chumba cha injini ili fundi ajaye asijaze kwa namba ya kitabu peke yake.

Kipozeo na hozi vilijazwa oili kabla ya kufungwa. Kisha fyuzi ya pampu ya petroli ilitolewa na injini ikazungushwa kwa stata, kwa vipindi vifupi, hadi presha ikaonekana kwenye geji, na ndipo ikawashwa. Kipozeo cha zamani, kwa vile injini haikuwahi kuharibika kikiwa kimefungwa, kinaweza kutumika kwenye gari jingine. Kama injini ingekuwa imekula beringi hata mara moja, ningeshauri kitupwe: vipande vya chuma hukwama katikati ya sahani mahali ambapo hakuna dawa ya kusafishia inayoweza kuvifikia kwa uhakika, na hutoka baadaye ndani ya injini mpya.

Baada ya kazi

Jaribio lilifanywa kwenye mpando uleule, trela ileile, gia ileile. Kwa kuwa hali ya hewa haiwezi kurudiwa, matokeo hulinganishwa vizuri zaidi kwa kutoa joto la hewa kwenye joto la oili. Bila kipozeo oili ilifika 137 siku ya nyuzi 29, yaani 108 juu ya hewa. Kwa kipozeo kipya ilitulia 119 siku ya nyuzi 30, yaani 89 juu ya hewa, na maji yakawa 97. Kwenye nyuzi 119 oili ileile ina mnato wa karibu 9.6 badala ya 7, na taa ya presha haikuwaka sailensa. Kwenye safari fupi, oili sasa hufika nyuzi 88 hadi 92, na ute chini ya kifuniko haujarudi tangu uliposafishwa.

Oili ni moto zaidi kwa nyuzi tano kuliko ilivyokuwa na kipozeo cha safu 25. Hilo lilikubaliwa kwa kujua. Njia hiyohiyo ya kutoa joto la hewa inatuambia kwamba siku ya nyuzi 38 mpando huo utaifikisha oili karibu 127, na kwa oili ya sinthetiki ya daraja hili kiasi hicho kwa saa moja au mbili kinavumilika, mradi muda wa kubadilisha oili ufupishwe kwa gari linalovuta trela mara kwa mara.

Kuna hali moja ambayo mpangilio huu hauimudu kikamilifu. Kipozeo cha kona hakina feni, hivyo gari likipanda nyuma ya lori linalotambaa, hewa kwenye mfereji hupungua na oili huanza kupanda polepole hata kama mzigo wa injini umepungua pia. Feni ndogo ya umeme yenye swichi ya joto ingeweza kuwekwa nyuma ya kipozeo, lakini gari likienda kasi ingekuwa kizuizi cha hewa kwenye nafasi iliyo finyu tayari. Kwa sasa mwenye gari ameshauriwa atazame geji katika hali hiyo na, ikivuka 125, asimame mahali salama, azungushe injini bila mzigo kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika ili pampu iendelee kupitisha oili kwenye kipozeo, asiizime hadi namba ishuke. Iwapo foleni za namna hiyo zitakuwa za kawaida kwenye njia yake, suala la feni litafunguliwa upya kwa vipimo vitakavyokuwepo wakati huo.